Mlinzi wa Ngazi za Lesnaya

Kapitolina Savelyevna alikaa ndani ya kibanda cha vioo miaka ishirini na tisa, zaidi ya mita sitini chini ya jiji la Petersburg, akiwaangalia watu wakishuka na wakipanda. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote. Wanaodhani ni kazi ya wavivu nawakaribisha waje wakae saa moja tu, wasisome gazeti, wasifume sweta, wasitafune hata mbegu za alizeti, macho yakiwa kwenye vidato vinavyotembea na mkono ukiwa karibu na swichi. Bibi mmoja akijikwaa na viroba vyake pale katikati, watu mia watamwangukia. Mimi naitwa Nonna. Nilifanya naye kazi miaka minane. Nina ulimi mkali, najijua, na habari za Kapitolina siwezi kuzisimulia bila kujitaja, maana kosa kubwa lililomo ndani yake ni langu.

Njia yetu ya metro, treni za chini ya ardhi, ni ile nyekundu kwenye ramani, ya kwanza jijini, iliyofunguliwa mwaka hamsini na tano. Miaka ya sabini wakairefusha kwenda kaskazini. Kati ya stesheni ya Lesnaya na ile ya Uwanja wa Ushujaa ardhi si ardhi, ni mto wa kale uliofukiwa, mchanga na maji mazito kama uji. Mwaka sabini na nne wachimbaji wakautoboa, nao ukawafuata mbio ndani ya handaki. Mmoja wa waliokimbia siku ile alikuwa Yefim, mume wa Kapitolina. Ikabidi mchanga ule ugandishwe kwa naitrojeni ya kimiminika, baridi kupita barafu, uwe mgumu kama jiwe, ndipo wachimbe tena. Yefim alirudi nyumbani vidole vitatu vimeungua kwa baridi, na mpaka anakufa alikuwa akifungwa vifungo vya shati na mkewe. Treni ya kwanza ilipita pale siku ya mwisho ya mwaka sabini na tano. Kapitolina alikuwa tayari kibandani Lesnaya, na alisema aliposikia ile treni inaingia kutoka kwenye handaki la mumewe alilia kazini, akakatwa posho.

Walikuwa na mtoto mmoja, Arseni. Alisoma upimaji wa ardhi, akaajiriwa na ofisi inayopima namna mahandaki yanavyozama na kuvuja. Kwa hiyo baba alichimba, na mwana akapima alichochimba baba.

Yefim alifariki mwaka tisini na tatu kwa maradhi ya mapafu. Siku ya arobaini yake meza ilitandikwa nyumbani kwa Kapitolina: chapati nyembamba, ngano iliyopikwa kwa asali, na glasi ya marehemu iliyofunikwa kwa kipande cha mkate mweusi. Wachimbaji wenzake walikuja. Mzee mmoja akainua glasi yake.

"Tumkumbuke Yefim kwa kazi yake," akasema. "Lile handaki litaishi miaka mia."

Arseni alikuwa amekunywa kidogo, si sana. "Halitamaliza hata mitano," akasema.

Mzee akashusha glasi yake.

"Umesema nini wewe?" mama yake akauliza.

"Mama, nimelipima mwenyewe. Reli zinazama. Maji yanaingia kila siku. Pale hata wangechimba malaika lingevuja."

"Baba yako hajapoa kaburini."

"Sijamsema baba. Nausema mchanga."

"Toka."

"Mama, nisikilize basi…"

"Toka nje, na mlango huu usiuone tena. Mimi sina mtoto."

Mimi kama ningekuwepo ningemwambia, we mama, kaa chini, kijana wako kasema mahali pabaya lakini kasema kweli. Sikuwepo. Haya yote alinisimulia mwenyewe baadaye, na hata wakati wa kunisimulia alikuwa bado anakunja uso kwa lile neno mitano.

Arseni alikatazwa mlango, hakukatazwa ngazi za umeme. Alikuwa amepanga chumba upande wa kaskazini, na ofisi yake ilikuwa hapo juu ya Lesnaya. Kila asubuhi saa mbili kasorobo treni ilimleta, akapita mbele ya kile kibanda, akapanda ngazi. Hakumsalimia mama yake, mama naye hakumwita. Lakini Kapitolina alikuwa na kipaza sauti. Kazi yetu ni kutangaza, simameni kulia, kushoto wapite wenye haraka, shikeni mkono wa ngazi. Basi yeye akawa anaongeza yake.

"Abiria mwenye koti la kijivu, funga vifungo, juu kuna upepo."

"Abiria mwenye koti la kijivu, ndevu hizo hazikufai."

"Abiria mwenye koti la kijivu, unakohoa tangu Jumatatu. Nenda hospitali."

Watu mia kwenye ngazi wakigeuka kutafuta nani mwenye koti la kijivu, na Arseni akitazama juu kama vile hayamhusu, akifunga vifungo. Kesho yake alikuja amenyoa. Hivyo ndivyo walivyoishi zaidi ya miaka miwili, mama na mwana, kwa dakika mbili na nusu kwa siku, ambazo ndizo ngazi zile huchukua kufika juu. Wengine wanaoishi chumba kimoja hawapati hata hizo.

Desemba ya mwaka tisini na tano handaki likashindikana. Reli zilikuwa zimekwisha kubonyea, maji hayazuiliki kwa pampu. Wakafunga kipande kile, wakaacha maji yajae, na njia nyekundu ikakatika vipande viwili. Treni za kusini zikawa zinaishia Lesnaya, za kaskazini zinageukia Uwanja wa Ushujaa, na katikati watu wakapakiwa kwenye basi la bure, namba themanini, wakisaga theluji kwa miguu kituoni huku wakitukana. Walisema mwaka mmoja. Ikawa miaka minane na nusu.

Arseni basi lilimshusha huku juu, mlangoni pa ofisi yake. Hakuwa na sababu ya kushuka chini tena. Saa mbili kasorobo ikawa inafika na kupita, na Kapitolina hana wa kumwambia afunge vifungo.

Januari nikahamishiwa Lesnaya kutoka stesheni ya kaskazini, nikapewa mageti ya juu. Siku ya kwanza tulikunywa chai chumba cha wafanyakazi. Nilimwona mama mnene kidogo, mwenye mtandio wa sufu mabegani, anayekoroga chai muda mrefu kuliko inavyohitajika. Nikamuuliza kama wanavyoulizana wanawake, "Mama Kapitolina, una watoto wangapi?"

"Sina mtoto," akasema.

Nikamkatia kipande kikubwa cha keki. Hakikuliwa.

Sasa ni lazima niseme miaka ile ilikuwaje. Jiji lilijaa matapeli wa nyumba. Bibi anaishi peke yake, anatokea mpwa aliyepotea zamani, mpole, ana peremende mkononi na karatasi za kusaini mfukoni. Mwezi haujaisha, nyumba imeuzwa na bibi hajulikani alipo. Jirani yangu mmoja alipotea hivyo. Kwa hiyo mwezi Februari, kijana mmoja aliposimama kwenye geti langu, kofia mkononi na boksi la peremende kwapani, mimi nilishajua ni nani kabla hajafungua mdomo.

"Samahani dada," akasema. "Kapitolina Savelyevna yuko zamu leo?"

Nikamwonyesha kidole kibao kilichobandikwa kwenye kioo changu. Kila kibanda kina kibao kile: mlinzi hatoi taarifa.

"Najua kusoma," akasema, akatabasamu. "Nauliza tu kama yupo. Nishuke au nisishuke."

"Wewe ni nani wake?"

"Mwanawe."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kabisa, kwa sauti, watu wakageuka. "Kaka, umekosea bibi wa kumtapeli. Mama Kapitolina hana mtoto. Kaniambia mwenyewe, kwa mdomo wake, nikiwa nimekaa naye pale."

Lile tabasamu lake halikuondoka mara moja. Lilibaki pale kama mtu aliyesahau kuvua kofia ndani ya nyumba.

"Amekwambia hivyo? Lini?"

"Mwezi uliopita. Sasa toka kwenye geti langu, au nimwite polisi?"

"Mwezi uliopita," akasema, taratibu, kama anayehesabu. Kisha akavaa kofia, akaweka lile boksi juu ya kidirisha changu, akatoka. Peremende sikuzila. Nilizitupa, nikidhani zina dawa ya usingizi. Kapitolina sikumwambia, nisimtie hofu bure. Nilijiona nimemwokoa. Nilikwenda nyumbani siku ile nikitembea kifua mbele.

Mwaka uliofuata Kapitolina alitimiza miaka sitini. Tulimnunulia birika, tukaimba, wengine wakarudi kazini, tukabaki wawili. Mvinyo ulikuwa umempasha mashavu. Akafungua mkoba, akatoa picha.

"Huyu ni mwanangu Arseni, Senya wangu," akasema.

Akanisimulia yote, arobaini, mlango, koti la kijivu. Mimi nilikuwa naitazama picha. Ni yule yule wa peremende getini, nyusi zake nene zimeungana katikati.

"Sasa kwa nini usimfuate?" nikauliza, sauti yangu naisikia kwa mbali.

"Nimfuate nikamwambie nini? Alisema litakufa, likafa. Niende nikampe hongera?" Akaifuta picha kwa ncha ya mtandio. "Njia ikifunguliwa atapita. Hana njia nyingine ya kwenda kazini, atapita hapa hapa. Nitatoka kibandani nimshike mkono. Mlango nilimkataza mimi, basi nami nitatoka kwenye mlango wa kibanda changu. Sistaafu mpaka hapo, Nonna. Wanibebe na kiti."

"Na yeye hajawahi kuja?"

"Hajawahi. Ana kichwa kigumu cha baba yake."

Pale ndipo mahali pangu pa kusema. Alikuja, mama. Alileta peremende, nikamfukuza. Maneno hayafiki kumi. Nilijiambia, si leo, leo ni siku yake ya kuzaliwa. Kesho nikajiambia, si kazini. Kesho kutwa nikajiambia njia itafunguliwa mwakani, watakutana, litapita lenyewe bila mimi kuaibika. Na kila mwaka wasemaji wa jiji walitangaza mwakani, nami nikawashika mkono katika ule uongo wao, kwa sababu ulinifaa. Woga wangu ulikaa miaka saba. Nilikuwa nikimletea supu, namshonea vifungo, nachukua zamu zake za sikukuu, na yeye akiwaambia watu, "Nonna ana ulimi wa shubiri lakini moyo wa siagi." Nilikuwa namchukia anaposema hivyo.

Zaidi ya yote ninalokumbuka ni ile subira yake. Saa mbili kasorobo alikuwa ananyoosha mtandio na kukaa wima, ingawa treni zilizoingia zilitoka kusini tu na upande wa pili wa stesheni ulikuwa giza. Handaki jipya walianza kulichimba pembeni, juu kidogo ya lile la zamani, na alikuwa akiniuliza kila wiki wamefika mita ngapi, kana kwamba nilikuwa naenda kuzipima mimi. Alizeeka kibandani. Macho yakapungua, akaficha kwa mkuu wa stesheni. Miguu ikavimba, akawa anavaa viatu vya mumewe.

Machi ya mwaka elfu mbili na nne moyo ukamwangusha kituo cha basi. Nilikwenda kumwona hospitali na supu ya kuku kwenye chupa ya chai.

"Wamefikia wapi?" akauliza.

"Reli zimelazwa. Juni wanafungua, sasa ni kweli, tarehe imewekwa."

"Juni," akasema. "Nitafika."

"Utafika, mama."

"Nimempikia maneno, lakini nikiyarudia yananichachia. Nadhani nitamwambia tu, ulikuwa umesema kweli. Inatosha, au vipi?"

"Inatosha."

Nilikuwa peke yangu naye dakika arobaini. Wagonjwa wengine walikuwa wamelala, mlango umefungwa, hakuna aliyenizuia. Nilimweleza bei ya siagi ilivyopanda. Nilimweleza paka wa stesheni amezaa. Alifariki siku ya tatu, asubuhi, kabla hawajampelekea chai.

Tulimzika sisi wa metro, watu kumi na moja, ardhi ikiwa bado ngumu kwa barafu. Siku iliyofuata ndipo nikapanda basi namba themanini kwenda kumtafuta Arseni, nikiwa na ile picha na anwani niliyoikuta nyuma yake. Mwanamke aliyefungua mlango alisema ameishi pale miaka mitano, na aliyekuwepo kabla yake hakuacha habari. Nikaenda ofisi yake ya zamani juu ya Lesnaya. Ilikuwa duka la samani. Nikauliza mitaa miwili, nikarudi. Ningekwenda miaka saba nyuma ningemkuta akinywa chai.

Kibanda cha chini nikapewa mimi.

Siku ya kufunguliwa, Juni ile, palikuwa na bendi, maua na hotuba. Kisha bendi ikaondoka na watu wakaanza kupita kama watu, bila shukrani, wakisukumana. Treni iliingia kutoka kaskazini, kutoka kwenye ule upande uliokuwa giza muda wote niliokuwa pale. Niliangalia kila uso. Nilikuwa natamani aje, na nilikuwa namwomba Mungu asije.

Alishuka treni ya nne au ya tano. Nywele zimeingia mvi, nyusi zile zile. Alikuwa amevaa jaketi la rangi ya machungwa la wajenzi, safi, lililopigwa pasi, na mgongoni limeandikwa kundi la wapimaji wa handaki jipya. Mkononi ameshika maua yaliyofungwa kwenye gazeti. Alipanda ngazi, akasimama kulia kama abiria mwenye adabu, kisha akageuza uso kwenye kibanda.

Aliniona mimi. Alinitazama kidogo tu, alinijua au hakunijua, sikuweza kusema. Kisha akaangalia nyuma yangu, kwenye kile kibanda kisichotosha watu wawili, akitafuta mahali mama yake alipo. Ngazi zilikuwa zinampandisha. Niliona anajiambia amestaafu, yuko nyumbani, nitakwenda nyumbani, maana aliyageuza yale maua vizuri mkononi na kutazama juu.

Nikasimamisha ngazi.

Kusimamisha ngazi saa ya watu wengi bila ajali hakuna kosa kubwa kuliko hilo kwa mlinzi. Watu waliyumba, wakashikana, mtu mmoja akanitukana mama yangu. Nikafungua mlango wa kibanda, nikapanda vile vidato kwa miguu, nikiwapenya, nikihema, mpaka nikamfikia.

"Arseni Yefimovich."

"Ndiye mimi."

"Mama yako amefariki. Tumemzika Machi. Nilikutafuta sikukupata."

Akakaa pale pale kwenye kidato, polepole, kama mtu anayeogopa kuchafua jaketi. Maua yakawa magotini. Watu waliokuwa nyuma wakajibana pembeni kumpisha, hata yule mwenye matusi.

"Machi hii?"

"Hii."

"Nilikuwa hapo ukutani," akasema. "Machi tulikuwa tunapima mita za mwisho, hapo nyuma ya ukuta. Niliomba kazi hii ili…" Hakumaliza. Aliinua macho, na sasa nikaona amenijua. "Wewe ndiye wa mageti."

"Ndiye."

"Uliniambia anasema hana mtoto."

"Alisema kwa hasira. Alikuwa anakutazamia kila siku saa mbili kasorobo, mpaka miguu ikavimba. Alitaka kukwambia ulisema kweli. Nilikudhania tapeli, kaka yangu. Nilikosea."

Alifikiri. Nilijua atauliza nini, na hakuna kitu nilichowahi kukiogopa maishani kama lile swali.

"Alijua kwamba nilikuja?"

"Hapana."

"Hukumwambia."

"Sikumwambia."

"Miaka minane."

Simu ya kibandani ilikuwa inalia chini, mkuu wa stesheni. Arseni akasimama, akanipa yale maua, si kwa upole, alinisukumia kifuani kama mtu anayerudisha kitu kilicholetwa nyumba isiyo yake.

"Nenda kawashe ngazi," akasema. "Watu wana kazi."

Kisha akapanda zilizobaki kwa miguu, na zilikuwa nyingi, akishika mkono wa ngazi, bila kugeuka. Kaburi lilipo nilimwandikia kwenye karatasi na kuiacha kwa wenzake wa jaketi la machungwa. Sijui kama alikwenda. Mimi hajanisemesha tena, na sina haki ya kumdai.

Nilipewa karatasi ya kujieleza. Siku ile ngazi zilisimama dakika sita, abiria wapatao mia tatu walicheleweshwa, na mkuu wa stesheni alitaka sababu, akaniambia kwa wema niandike kwamba nilimwona mtu anaanguka, ningeponea hapo. Nikachukua kalamu. Mahali pa sababu nikaandika: alikuwa anapita mtoto wa Kapitolina Savelyevna.